Mwanamke Akitazama Ziwa

Sikai. Tangu tangazo lile liingie kwenye simu yangu, nikianza kuosha vyombo naviacha na povu lake, nikitoka kwenda dukani narudi bila nilichokifuata. Mume wangu ameniuliza nimepoteza nini humu ndani. Nimemwambia sijapoteza kitu, nimekiona, na yeye akatikisa kichwa akarudi kwenye redio yake.

Tangazo lenyewe ni la kawaida. Makumbusho ya hapa Bujumbura yanaandaa maonyesho ya picha za zamani za mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wetu na upande wa Kongo, na siku ya ufunguzi kutakuwa na vijana wa kuigiza, na ngoma, na wachoraji watakaopanga kazi zao uani. Matangazo ya namna hiyo hunipitia mara kwa mara na mimi huyafuta kabla sijayamaliza, maana nani ana nafasi ya kwenda kutazama picha ukutani huku nyumbani nguo zinamngoja. Hili sikulifuta kwa sababu ya picha waliyoiweka chini ya maneno. Mwanamke amesimama mchangani, anaonekana mgongo tu. Amejifunga kitenge cha miamvuli. Mbele yake kuna maji kidogo, halafu weupe mtupu mpaka juu. Na chini yake, kwa herufi ndogo, Kifaransa kwanza kisha Kiswahili, wameandika: Mwanamke akitazama ziwa.

Mwanamke huyo ana jina. Anaitwa Zaituni, na ni mama yangu.

Picha hiyo niliiona mara moja tu nikiwa mtoto, na nilitoka pale na donge ambalo nimelibeba mpaka nimekuwa na watoto wangu mwenyewe. Lakini nilipoiona tena kwenye kioo cha simu, si donge lililonijia kwanza. Ilikuja harufu ya ngazi, matunda ya mchikichi, zinazochemka ndani ya pipa, nzito, tamu kidogo, ikanikuta nimesimama katikati ya jiko langu la gesi.

Wenzangu mliokulia Rumonge, mji wetu wa mwambaoni, mnaijua harufu hiyo, hamhitaji niwaeleze. Inaingia kwenye nywele, kwenye madaftari, hata kwenye mkate. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na mashine ya kukamulia mawese nyuma ya nyumba, ile yenye mti mrefu ambayo watu huisukuma kwa kuizunguka. Makapi na vikonyo vya ngazi vilirundikwa pembeni mpaka vikawa kilima, na kilima hicho kilikuwa mali yangu. Nikisimama juu yake niliona mabati ya soko, wanawake wakianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mchangani, ziwa lote, na ng'ambo ya ziwa milima ya Ubwari, kule Kongo.

Ubwari ndiko alikozaliwa mama. Baba alimuoa huko, akamvusha kwa boti, akamleta kwa Bibi. Kisha baba akafariki mimi nikiwa bado nanyonya, na mama akabaki pale kwa mkwewe. Wawili hao waligombana kila siku kuhusu chumvi, kuhusu kuni, kuhusu nani ameniharibu mimi zaidi, na mmoja akichelewa sokoni mwenzake hakula mpaka arudi.

Sasa hapa lazima niseme nilivyokuwa naiona dunia, la sivyo hamtanielewa. Mnajua kwamba mvua ikishanyesha milima ya ng'ambo inasogea karibu, unaona mabonde yake na moshi wa jiko la mtu. Na mnajua kwamba kiangazi kikikolea, nyasi zikichomwa kila upande, ukungu mkavu unatanda na milima yote inapotea, kwa wiki nyingi, ziwa linabaki halina mwisho. Mtu mzima anajua ni moshi na vumbi. Mimi hakuna aliyeniambia, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwenyewe: Kongo inaondoka. Inaondoka kiangazi na kurudi na mvua, kama walimu wanavyokwenda likizo. Nilidhani ndio utaratibu wa nchi ile na sikuona ajabu yoyote.

Mama aliondoka wakati wa mvua, milima ikiwa karibu. Boti la wachuuzi lilileta habari kwamba mama yake ameanguka, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Asubuhi ile alikunjua kitenge chake kipya cha miamvuli, cha buluu na manjano, ambacho alikuwa hajakivaa hata siku moja, akakikata katikati kwa kisu. Nusu alijifunga, nusu akanipa mimi. Kwetu mwanamke akisafiri na kumwacha mtoto, humwachia nguo, ili usiku mtoto akose mtu lakini asikose harufu.

"Nyanya yako akipata nguvu kidogo, narudi," aliniambia. "Usimusumbue Bibi. Na usipande ile takataka, iko na nyoka."

Nikapanda siku hiyo hiyo, nikalitazama boti mpaka likawa kama punje ya mtama, kisha likawa si kitu.

Siku zile kule ng'ambo bunduki zilikuwa zinalia, na maboti yakapungua. Simu zilikuwa za watu wakubwa wenye ofisi. Habari za mama zikawa neno moja tu, lililoletwa na wauza samaki kila walipofanikiwa kuvuka: bado. Bado anauguza. Bibi alipokea hilo "bado" kwa kuitikia alhamdulillahi, akaendelea na mawese yake. Lakini tulikuwa na jirani, Mama Shabani, aliyekuja kuomba moto kila asubuhi hata kama kwake moto unawaka, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Asubuhi moja nikiwa nyuma ya pipa nikamsikia.

"Mama, yule mwanamke iko kijana bado. Amesharudi kwao. Nani anatokaka kwao mara mbili?"

"Mukamwana wangu atarudi," Bibi akasema.

"Inshallah. Lakini hata kule wanaume wako."

Bibi alikoroga pipa kwa nguvu mpaka mafuta yakaruka. Mimi tangu siku hiyo sikukaa tena. Nilikula nimesimama. Shuleni mwalimu alinihamisha mbele ili anione, akanirudisha nyuma ili asinione. Nilipanda kilima asubuhi, mchana na jioni, na Bibi akawaambia watu kwamba huyu mtoto ana siafu ndani ya sketi. Nilitaka kujua jambo moja: mama ananikumbuka, au amepata watu wengine.

Ndipo akaja madamu wa picha. Alitoka Bujumbura, mwanamke mrefu mwenye suruali na kamera mbili shingoni, na kabla hajafika yeye yalifika matangazo yake. Yalibandikwa kwenye ukuta wa soko, mlangoni kwa muuza dawa, mpaka kwenye mchikichi wa njia ya bandarini. Na kwa wasiojua kusoma alipita mtu na baiskeli na kipaza sauti, akitangaza maonyesho: "Ekspozisyo! Ekspozisyo ya ma-foto! Wakati wa mwezi mkubwa, mu sentre ya vijana! Na teatre pia!" Walichagua mwezi mkubwa kwa sababu ndipo wavuvi wa ndagala wanapolala nyumbani, taa zao hazina kazi mbele ya mbalamwezi. Mji mzima ulianza kujiandaa. Watu walinyoa ndevu, wanawake walisuka, kila mtu akitumaini madamu atamkuta mahali pazuri.

Alifika kwa Bibi kuwapiga picha wasukumaji wa mashine. Akamweleza kwamba baada ya Rumonge atavuka kwenda Ubwari kwa boti la ofisi lenye bendera, awapige picha watu wa huko pia, kisha azitundike zote pamoja, pande mbili zipate kuonana. Kutoka Rumonge zingekwenda makumbusho ya Bujumbura. Bibi alitaka tu kujua kama kamera inaharibu mafuta. Mimi niliposikia "Ubwari" nilishuka kilimani kwa makalio.

"Unaenda Ubwari?"

"Ego, sheri," akaitikia. "Kesho kutwa."

"Mama yangu iko kule. Anaitwa Zaituni. Ngoja!" Nikakimbia ndani nikaleta nusu yangu ya kitenge. "Anavaa hiki."

Akakishika, akakigeuza, akanipiga picha nimekishikilia kwa mikono miwili. Kisha akachuchumaa tukawa sawa.

"Nikimuona nimwambie nini?"

Mambo yalikuwa mengi. Jino lilikuwa limeng'oka, paka amezaa kwenye kapu la Bibi, Mama Shabani amesema maneno. Nikaona nikiyataja yote atayachanganya, nikachagua moja.

"Mwambie aniangalie."

Nilikuwa na hesabu zangu. Picha ikitundikwa nitasimama mbele yake, macho ya mama yatakutana na yangu, na humo nitajua. Macho ya mama yalikuwa hayawezi kuficha kitu. Akisema atakununulia viatu na hana nia ya kununua, unayaona macho yanakwenda pembeni.

Madamu akavuka. Na hazikupita siku nyingi milima ikaanza kuondoka. Kwanza yalikwenda mabonde, yakafuata miteremko, ukabaki mstari mmoja juu kama wa penseli, halafu nao ukafutika. Mama alikuwa humo, madamu alikuwa humo, na matangazo bado yamebandikwa sokoni kana kwamba hakuna lililotokea! Nilikwenda mbio kwenye uwanja wa shule, walikokuwa wanafanya mazoezi ya kuigiza vijana wa teatre, nikamuuliza mkubwa wao kama ekspozisyo itakuwepo kweli.

"Kwa nini isiwepo?"

"Kongo imeenda."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Hakuna aliyenieleza kitu, walinifanya nirudie tena na tena, na kila nikirudia wanacheka upya. Nilirudi nyumbani nikikokota kitenge vumbini, Bibi akanifokea, na usiku nililala nimekishika kwa meno.

Siku moja boti lenye bendera likatoka ndani ya ule weupe, ghafla, likiwa tayari karibu na bandari. Nilifika kabla halijafungwa kamba. Walishuka wanaume wawili na madamu, amekonda, midomo imepasuka kwa homa. Sikumwamkia.

"Umemuona?"

"Nimemuona. Utaona mwenyewe kwenye ekspozisyo." Akaniwekea mkono kichwani, mkono wa moto, wakamwingiza kwenye gari la Bujumbura akazioshe picha.

Alasiri ya ufunguzi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikuwa wamekaza nyavu kuukuu za ndagala kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kuzibana picha kwa vibanio vya nguo, sisi upande wa mlango, watu wa Ubwari upande wa ndani. Watu walikuwa wakijikuta na kupiga kelele. Mzee mmoja aligombana na picha yake kwamba haikumchukua meno. Mimi nilijipenyeza chini ya makwapa ya watu, nikipita nyuso, nyuso, mitumbwi, nyuso, mpaka nikaona miamvuli.

Miamvuli ilikuwepo, yote, buluu na manjano. Na juu ya miamvuli mabega ya mama, na kisogo chake na mafundo ya nywele. Uso haukuwepo. Nikangoja kidogo, sijui nilingoja nini. Kisha nikainama nikapita chini ya wavu kwenda upande wa pili, nimuone kwa mbele. Huko nyuma kulikuwa na karatasi nyeupe na namba ya kalamu.

Nikarudi. Bibi alikuwa amefika, na Mama Shabani ubavuni kwake.

"Ni yeye," Bibi akasema polepole.

"Yoo, ona!" Mama Shabani akapiga makofi. "Ametupa hata mgongo!"

"Wewe nyamaza."

Lakini neno lilishatoka na mimi nilishalishika. Nilimtuma mtu avuke ziwa zima amwambie aniangalie, na yeye akanipa mgongo. Jukwaani mchezo ulikuwa umeanza. Kijana mmoja aliyevaa gauni alitazama mbali, akashika kichwa, akalia kwa sauti nyembamba: "Jamani, Kongo imeenda!" Ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko. Mimi nililia kwa sauti kubwa hivi kwamba Bibi alinibeba mgongoni, mtoto wa shule mzima, tukatoka. Madamu alikuwa mlangoni, amezungukwa na wakubwa wa ofisi, hakutuona. Usiku ule sikujifunika kitenge. Nilikikunja nikakisukuma chini ya sanduku la Bibi, nikatetemeka kwa hiari yangu.

Mvua zikaja. Milima ikarudi, na mama akarudi nayo, kama nilivyokuwa nikijua tangu mwanzo kuhusu utaratibu wa nchi ile. Alikuwa amemzika mama yake. Kitenge kilikuwa kimepauka, miamvuli imebaki vivuli. Alipanua mikono pale bandarini na miguu yangu ikaenda yenyewe, nikamkumbatia kiunoni, lakini nilipoinua uso kumtazama machoni sikuweza kusoma kitu, kwa sababu nilikuwa nalia na yeye alikuwa analia.

Hakuondoka tena. Alinisomesha kwa mawese, akanioza, akamuuguza Bibi mpaka mwisho. Katika nyumba ile ambayo hata chumvi iligombaniwa kwa sauti, habari ya picha haikutajwa. Bibi alikufa hajaigusa. Picha zenyewe zilikwenda Bujumbura, na wengine walisema zilikwenda Ulaya, na mama hakujua kamwe kwamba mgongo wake ulitundikwa mbele ya mji mzima. Mimi nilijua. Kila aliponipa kitu kizuri, ndani yangu kulikuwa na mtoto aliyesimama nyuma ya wavu akitazama karatasi nyeupe.

Jana nikashuka Rumonge. Nilimkuta mama amekaa mlangoni kwake na ungo wa mchele, miwani kwenye ncha ya pua. Nilimwamkia, nikamuuliza presha, nikainuka kufunga dirisha, nikalifungua.

"Wewe una nini, mbona haukai?"

Nikampa simu. Aliiweka mbali, akaileta karibu.

"Nani huyu?"

"Angalia kitenge, mama."

Nikaikuza picha kwa vidole mpaka miamvuli ikajaa kioo. Akaitazama kwa muda. Punje za mchele zilimponyoka mkononi moja moja.

"Yoo. Miamvuli yangu." Kisha: "Hapa chini wameandika nini?"

"Mwanamke akitazama ziwa."

"Ziwa?" Akakunja uso.

Sauti iliyonitoka haikuwa ya mwanamke wa umri wangu. "Mama, kwa nini haukuangalia kamera? Nilimtuma yule madamu. Nilimwambia akuambie uniangalie."

"Aliniambia." Alinishangaa, kama vile nimemuuliza jina lake. "Alikuya na kale kamashine kake, akasema, mutoto wako wa Rumonge anasema umuangalie. Sasa miye nikuangalie wapi? Mu kamashine? Wewe ulikuwa Rumonge. Nikageuka, nikakuangalia."

Nikakaa. Nilikaa pale pale chini, kwenye saruji, mgongo umeegemea goti lake.

"Na uliniona?" nilimuuliza.

"Nitakuona wapi na ule moshi? Burundi yote ilikuwa imeenda. Kila asubuhi nilikuwa naendaka pale kuangalia kama imerudi." Akanirudishia simu, akajipangusa vidole kwenye kanga. "Hiyo ekspozisyo yao iko lini?"

"Mwezi ujao."

"Tutaenda wote. Na hayo maneno uwaambie wayafute. Nani anaamkaka asubuhi kwenda kuangalia ziwa?"